Mtoto wa Kocha na Namba Yake Kikosini

Ndugu wazazi, walimu wetu, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo limekuwa likizunguka miongoni mwetu tangu watoto wetu walipoanza kucheza mpira wa Kimarekani katika shule za hapa Iowa City na miji ya jirani: mtoto wa kocha anapopata namba kwenye timu, je, ameipata kwa uwezo wake au kwa jina la baba yake? Mzazi mmoja aliniuliza hivyo kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, tumekulia katika mpira ule mwingine, na huko pia tulimjua mtoto wa tajiri wa klabu aliyeanza kila mechi kwa sababu baba yake ndiye aliyenunua jezi. Kwa hiyo shaka hiyo si ya kijinga, na sikuja kuifuta. Ninachotaka kusema ni kwamba, katika timu za vyuo vikuu vya nchi hii, kocha anaweza kumpa mwanawe jezi, lakini hawezi kumpa nafasi mioyoni mwa wenzake. Na nafasi hiyo ya pili hupatikana kwa kazi ambayo mtu mwingine yeyote anaweza kuipima.

Kwa mfano wa kwanza hatuna haja ya kwenda mbali. Kirk Ferentz amekuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Iowa tangu msimu wa 1999, alipompokea kijiti Hayden Fry, na wanawe watatu, Brian, James na Steve, wote walivaa jezi nyeusi na ya dhahabu chini yake. Wote watatu walicheza katika safu ya mbele ya ushambuliaji, yaani wale vijana wanene wanaomkinga anayerusha mpira na kumfungulia njia anayekimbia nao. Hapo ndipo mahali ambapo baba yao mwenyewe alikuwa bingwa wa kufundisha, kwani alikuwa kocha wa safu hiyo hapa hapa Iowa katika miaka ya 1980, chini ya huyo Fry, kabla hajaondoka na kurudi akiwa mkuu. Kwa maneno mengine, watoto hawa hawakutafuta sehemu ya uwanja ambayo baba asingeweza kuiona vizuri. Walikwenda kusimama pale ambapo jicho la baba ni kali kuliko kwingine kote.

Naomba niwaonyeshe kwa karibu kazi aliyoifanya James, kwa sababu wengi wetu tunapotazama mechi macho yetu hufuata mpira na kumpoteza mtu kama yeye. Alikuwa senta, na alianza katika nafasi hiyo misimu ya 2010, 2011 na 2012. Senta huinama, mkono mmoja ukiwa juu ya mpira, na kabla ya mpira kusogea inambidi asome jinsi wapinzani walivyojipanga, aamue ni yupi kati yao ana dalili ya kuvamia, kisha awapigie kelele wenzake wa kushoto na kulia kuwaambia nani amkabe nani, huku Uwanja wa Kinnick wenye watu karibu 70,000 ukinguruma. Baada ya hapo anaupitisha mpira katikati ya miguu yake kwa kwotabeki, yule anayerusha mpira, aliye nyuma, na kabla mkono huo haujarudi mbele, mtu mwenye zaidi ya kilo 130 ameshamfikia kifuani. Akikosea kusoma, kwotabeki anaangushwa. Akipatia, hakuna mtazamaji nyumbani atakayejua jina lake. Wanaojua ni wenzake wanne walio naye kwenye safu, na wanajua kwa uhakika, kwa sababu baada ya mechi hukaa chumbani na kocha wao kutazama video ya kila tukio, mara nyingi kwa kurudia polepole, na kila mmoja hupewa alama kwa kila alichokifanya. Katika chumba kile jina la ukoo halisaidii kitu. Picha inaonyesha mguu ulikanyaga wapi.

Msimu wa 2012 Iowa ilishinda mechi 4 na kupoteza 8. Nawaomba mfikirie maana yake kwa kijana ambaye ni senta wa timu hiyo na pia ni mtoto wa kocha wake: watu wanamlaumu baba yake redioni, dukani na kanisani, naye anatakiwa darasani asubuhi ya Jumatatu pamoja na wanafunzi hao hao waliozomea Jumamosi. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa, na ni kweli, ila mcheza kwao akishindwa hana pa kwenda kulala. Bobby Bowden, ambaye baadaye alipata sifa kubwa sana kule Florida State, alikuwa kwanza kocha mkuu wa West Virginia, na mwaka 1974 timu yake ilishinda mechi 4 na kupoteza 7, na mashabiki wenye hasira wakatundika sanamu yake kama mtu aliyenyongwa. Mwanawe Tommy alicheza West Virginia katika kipindi cha baba yake, kama mpokeaji wa mipira ya kurushwa. Tukitaja faida za kuwa mtoto wa kocha ni haki tuitaje na hiyo.

James hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa wa mwaka 2013, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, duru kwa duru. Kwa vipimo vya kazi yake hakuwa mkubwa wa mwili. Hata hivyo alidumu katika ligi ya kulipwa karibu miaka 10, akianzia Houston, akapita Denver, na hatimaye New England, na alikuwa sehemu ya timu zilizotwaa ubingwa wa Super Bowl msimu wa 2015 na msimu wa 2018. Mtu anaweza kusema kwamba huo ni ushahidi tosha, maana huko hakuna baba. Mimi nasita kidogo. Kocha wa New England wakati huo alikuwa Bill Belichick, ambaye baba yake pia alikuwa kocha, katika chuo cha jeshi la majini, na Kirk Ferentz aliwahi kufanya kazi chini ya Belichick kule Cleveland katika miaka ya 1990. Dunia ya makocha ni ndogo, wote wanapigiana simu. Jina hufungua mlango, na asiyekubali hilo anajidanganya. Lakini timu ya kulipwa haimweki mtu miaka mingi kwa ajili ya salamu za mzee wake, kwa sababu kila nafasi ina mtu mwingine anayeisubiri nje kwa bei nafuu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo linabadilisha uzito wa swali letu. Kwa miaka mingi timu za daraja la juu la vyuo ziliruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 85, lakini orodha ya timu ingeweza kuwa na vijana zaidi ya 100, kwa sababu wengine walijiunga kwa gharama zao wenyewe. Mtoto wa kocha aliyejiunga kwa njia hiyo hakumnyang'anya mtu ada. Dabo Swinney, kocha mkuu wa Clemson, aliingia hivyo hivyo Alabama akiwa kijana, bila ufadhili, akajituma mpaka akaupata, na akawa kwenye timu iliyotwaa ubingwa wa taifa msimu wa 1992. Wanawe nao walikuja kucheza Clemson chini yake. Lakini tangu mwaka 2025, kufuatia makubaliano ya kesi kubwa yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo cha ufadhili kimeondolewa na mahali pake pamewekwa kikomo cha orodha nzima: wachezaji 105 kwa vyuo vilivyoingia katika mpango huo. Sasa hata kijana wa mwisho kwenye orodha anakalia kiti ambacho mwingine angekikalia. Zamani kocha aliweza kumweka mwanawe pembeni bila kumgusa mtu. Siku hizi akimweka, amemwacha mtu nje, na mtu huyo ana mama yake. Kwa maoni yangu, shaka ya wazazi wetu ina haki zaidi leo kuliko ilivyokuwa miaka 10 iliyopita.

Nirudi kwa Swinney, kwa sababu mwanawe mkubwa, Will, alipata mahali pake kwa njia inayonifurahisha. Alikuwa mpokeaji kwa jina, lakini kazi aliyotegemewa nayo ilikuwa kumshikia mpira mpiga mkwaju. Kazi hiyo inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Mshikaji hupiga goti karibu yadi 7 nyuma ya mstari, mpira unamjia kwa kasi ukizunguka hewani, naye anapaswa kuudaka, kuusimamisha kwenye nyasi, kuuzungusha ili kamba zake zielekee magoli na si mguu wa mpigaji, kisha kuondoa mkono akiacha kidole kimoja tu juu yake, yote haya kwa muda usiozidi sana sekunde moja, huku watu wazima wakiruka kuelekea usoni pake. Akifanya vizuri mara 50, sifa zote ni za mpigaji. Akiteleza mara moja, mechi imekwisha na kila mtu ameona ni nani.

Kabla yake kulikuwa na Shane Beamer kule Virginia Tech katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Baba yake, Frank Beamer, alijulikana nchi nzima kwa jinsi alivyothamini vikosi maalumu, vile vinavyoingia uwanjani kwa ajili ya mikwaju tu, na alivisimamia yeye mwenyewe badala ya kuwaachia wasaidizi. Shane alikuja kuwa mtu wa kuurudisha mpira nyuma kwa mpiga mkwaju, takriban yadi 15, huku kichwa kikiwa chini na macho yakitazama katikati ya miguu yake mwenyewe. Tena, mwana alikwenda kusimama pale ambapo baba hakuwa na uvumilivu wa makosa. Timu hiyo ilifika fainali ya kugombea ubingwa wa taifa Januari 2000 na kufungwa 46 kwa 29 na Florida State, ya huyo huyo Bobby Bowden. Leo Shane ni kocha mkuu wa South Carolina.

Msinielewe vibaya, ninyi vijana. Sisemi kwamba kazi hizi ni za kumfariji mtu aliyekosa kipaji. Nasema ni kazi ambazo matokeo yake hayana mjadala: mpira umefika au haukufika. Kijana ambaye kila siku anatiliwa shaka hunufaika akipata kazi ya namna hiyo, kwa sababu inawanyamazisha watu bila yeye kufungua mdomo.

Sasa tumtazame yule aliyekwenda upande mwingine kabisa, kwani najua ndiye mliyekuja kumsikia. Deion Sanders aliteuliwa kocha mkuu wa Jackson State, Mississippi, mwaka 2020, na mwanawe Shedeur akajiunga naye kama kwotabeki, nafasi inayoonekana kuliko zote. Mwishoni mwa 2022 baba alihamia Colorado, timu iliyokuwa imeshinda mechi 1 na kupoteza 11, akawaambia waziwazi wachezaji aliowakuta kwamba anakuja na mizigo yake mwenyewe, yaani wachezaji wake. Makumi ya wachezaji waliondoka. Shedeur alikuja na baba, na kaka yake Shilo alikuja pia, akicheza ulinzi. Hapa hapakuwa na kujificha wala kuanzia chini. Kila aliyemtazama kocha alijua kwotabeki ni nani kabla ya mazoezi ya kwanza, na waliohama walikuwa na sababu ya kunung'unika ambayo mimi siwezi kuidharau.

Kisha ikaja Septemba 2, 2023, mechi ya kwanza, ugenini dhidi ya TCU, chuo cha Texas, timu iliyokuwa imecheza fainali ya taifa miezi michache kabla. Shedeur alirusha mipira ya jumla ya yadi 510 na Colorado ikashinda 45 kwa 42. Msimu huo haukuendelea hivyo. Walimaliza na ushindi mara 4 na vipigo 8, na Shedeur aliangushwa na wapinzani mara 52, hesabu ambayo ingemvunja moyo mtu mzima. Nadhani ni katika maanguko hayo, kuliko katika zile yadi 510, ndipo alipopata mahali pake miongoni mwa wenzake. Kijana aliyeangushwa, akainuka, akampa mkono yule yule mlinzi wake aliyeshindwa kumkinga, huwezi tena kumwambia kwamba yupo pale kwa starehe. Msimu wa 2024 timu ilishinda mechi 9 na kupoteza 4, naye alirusha yadi 4,134 na mipira 37 ya kufunga.

Lakini baba akipenda kupita kiasi hummwagia mwana mchanga kwenye chakula. Aprili 2025 chuo kilistaafisha jezi ya Shedeur namba 2, yaani mwingine asiivae tena, pamoja na jezi namba 12 ya Travis Hunter, na kelele zilizofuata zilimhusu zaidi Shedeur, ingawa heshima ilikuwa moja. Hunter alikuwa amemfuata kocha huyo huyo kutoka Jackson State, ila yeye alikuwa na tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mkononi na hakuwa na baba kwenye benchi. Wiki iliyofuata Shedeur, ambaye watu wengi walitarajia achukuliwe mapema katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa, alisubiri hadi duru ya tano, akachukuliwa na Cleveland akiwa wa 144. Sababu za timu kumpita ni zao, na zimebishaniwa vya kutosha. Ninachokiona mimi ni kwamba sifa alizozipata kwa kazi yake na zile alizozipata nyumbani zilichanganyika kiasi kwamba watu wa nje walishindwa kuzitenganisha, na aliyelipa gharama ya mchanganyiko huo ni mwana.

Kuna wanaoukwepa mtihani huo kwa kwenda chuo ambako baba hayupo. Kellen Moore ni mtoto wa kocha wa shule ya sekondari ya Prosser, mji mdogo katika jimbo la Washington. Hakuwa mrefu, hakuwa na mkono wenye nguvu za kutisha. Akaenda Boise State, na kuanzia 2008 hadi 2011 akaanza kama kwotabeki katika mechi 53, akashinda 50. Alichokuwa nacho ni kile alichokisikia nyumbani tangu utotoni: ulinzi ukijipanga hivi, mpira unakwenda kule. Colt McCoy wa Texas, naye mtoto wa kocha wa sekondari, alimaliza chuo mwaka 2009 akiwa na ushindi mara 45, rekodi ya wakati huo. Hao hawakuwa na mtu wa kuwapangia namba. Walikuwa na saa nyingi za maarifa ambazo wenzao walipaswa kuzitafuta.

Na hapo ndipo lilipo jibu langu kwa yule mzazi. Jambo la kumwonea wivu mtoto wa kocha ni yale mazungumzo ya mezani. Mtoto wa mzazi huyo na wangu hawakuzaliwa kwenye meza hiyo. Baba zao wanajua kuotea, penalti na kona, na hawajui kwa nini senta anapiga kelele. Lakini video za mechi za sekondari siku hizi zipo kwenye simu ya kila mchezaji. Baba, mama, siku ya Jumapili mwambie akuonyeshe tukio moja moja, na akueleze alipaswa kumkaba nani na kwa nini. Usimkosoe, maana huijui kazi. Muulize tu. Kijana atakayeweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili safu ya ulinzi imejipangaje, ameshaielewa, na senta wa kesho hutafutwa kwa uelewa huo.

Neno la mwisho ni kuhusu nani anamhukumu mwana. Brian Ferentz alipoajiriwa na Iowa kama kocha msaidizi mwaka 2012, chuo kiliweka utaratibu kwamba bosi wake rasmi ni mkurugenzi wa michezo na si baba yake. Alipokuwa msimamizi wa ushambuliaji na mabao yakawa haba, mkataba wake wa 2023 uliandikwa lengo la wastani wa pointi 25 kwa mechi. Lengo halikufikiwa, na kabla msimu haujaisha mkurugenzi alitangaza kwamba Brian hataendelea, ingawa timu ilikuwa inashinda. Baba hakuombwa amfukuze mwanawe. Kwa wachezaji hakuna utaratibu kama huo. Kocha ndiye anayepanga kikosi, basi. Katika shule zetu, ambako mara nyingi kocha wa timu ana mtoto wake ndani ya timu hiyo hiyo, wazazi mna haki ya kuomba kwamba msaidizi mmoja asiye ndugu ndiye atoe alama za nafasi anayogombea mtoto huyo, na makocha wengi waungwana watalikubali ombi hilo wakiombwa kwa heshima mapema mwezi wa nane, kabla kikosi hakijatangazwa. Baada ya kutangazwa, litasikika kama malalamiko.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Nitapokea maswali sasa, na naomba vijana waanze.